Barabara Inayobisha

Katika tungo zetu mlima umekuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Ukitajwa, hutajwa kwa ajili ya jambo jingine: shida za maisha, cheo cha mtu, ukaidi wa mpenzi, au lile fungu la maneno lililochakaa, "milima na mabonde", ambalo kila mgombea wa uongozi na kila bwana harusi huliokota anapotaka kusema kwamba ametoka mbali. Mlima wenyewe, wenye lami na changarawe, wenye ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi na kona zisizohesabika, haumo. Nadai kwamba haumo kwa sababu tunaupanda upesi mno, ndani ya basi, pazia limeshushwa na muziki umefunguliwa. Nadai pia kwamba dawa yake, kwa mshairi, ni baiskeli.

Malenga wenzangu wasidhani nafanya mzaha. Nilifundisha Kiswahili miaka mingi katika shule za sekondari za nyanda za juu, na kila nilipowapa wanafunzi nafasi ya kutunga juu ya jambo walipendalo, daftari zilirudi zimejaa bahari. Mawimbi, jahazi, nahodha, lulu, pwani, kupwa na kujaa. Wengi wao bahari walikuwa hawajaiona ila kwenye kalenda ya ukutani. Nje ya dirisha la darasa palikuwa na mteremko uliokatwa ngazi za mashamba, na barabara ambayo babu zao waliipanda na mizigo kichwani. Hakuna aliyeuandika. Nilipowauliza, walinijibu kwa adabu kwamba maneno ya mlima "hayana ushairi". Walikuwa wameyapata wapi hayo? Katika vitabu vyetu, bila shaka. Ushairi wetu ulizaliwa pwani, na mtoto wa mlimani akafikiri kwamba ni lazima ashuke kwanza pwani ndipo apate ruhusa ya kuimba.

Basi tuianze safari pale tunapojua. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, ni ya kilometa zaidi ya 30. Unaiacha njia kuu iendayo Arusha, unaliacha joto la tambarare pamoja na mikonge yake, na papo hapo barabara inaanza kujikunja kwenye ukingo wa korongo. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Alfajiri, kabla mabasi hayajaamka, mwendesha baiskeli anakuwa peke yake na pumzi zake. Kwa mtu wa umri wangu mwendo ni kilometa 7 au 8 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kwa mwendo huo huwezi kuusema uongo mlima. Unajua ni mahali gani hasa hewa inapobadilika na kuwa baridi, kwa sababu jasho la mgongoni ndilo linalokuambia. Unasikia maporomoko ya Soni kabla hujayaona. Ukifika Lushoto ukaendelea kupita msitu wa Magamba kuelekea Mtae, magari yanazidi kuadimika, na kinachobaki ni mlio wa mnyororo na mawe madogo yanayorushwa na tairi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mtu wa ndani ya basi halipati. Mwili unapopanda kwa baiskeli unahesabu. Paja la kulia, paja la kushoto, moja mbili, moja mbili, mpaka kona, unageuka, kisha unaanza tena upande wa pili. Mtu aliyelelewa na mizani na vina hawezi kukosa kuitambua hesabu hiyo. Kipande cha barabara kabla ya kona ni ukwapi, kona yenyewe ni kina cha kati, kipande kinachofuata ni utao. Kuna barabara mashuhuri ya waendesha baiskeli huko kaskazini mwa Italia, barabara ya Stelvio, ambayo upande mmoja wake, ule wa kutokea Prato, una kona 48 zilizohesabiwa na kuwekewa namba. Arubaini na nane! Hizo ni beti kumi na mbili kamili za tarbia, kona moja kwa kila mshororo. Ile ya Alpe d'Huez kule Ufaransa ina kona 21, yaani beti tano na mshororo mmoja uliobaki unaning'inia. Sishangai kwamba sikuipenda tangu nilipoiona kwenye televisheni.

Nimeitaja Stelvio kwa sababu nyingine, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Barabara hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, wakati Dola ya Austria ilipotaka njia ya kuvuka milima ya Alpi kwenda Lombardia. Inapanda mpaka mita 2,757, mahali ambapo hewa imepungua nguvu kwa zaidi ya robo ikilinganishwa na ya pwani, na majira ya baridi hufungwa kwa theluji. Juu kabisa si kilele. Vilele viko kulia na kushoto, virefu zaidi. Barabara inapita pale milima miwili inapoachiana nafasi. Mahali pa namna hiyo Waitalia hupaita kwa neno linalotokana na hatua, na kupita. Wasemaji wa Kijerumani, ambao nao wanaishi pale pale kwenye mteremko ule ule, wanaita Stilfser Joch, na hilo Joch kwao ni nira, ile ya kufungia ng'ombe wawili. Wafaransa wa milima ya jirani wana col, neno lililotoka kwenye Kilatini likiwa na maana ya shingo. Umbo ni lile lile. Mmoja ameona hatua, mwingine ameona nira, wa tatu ameona shingo.

Na sisi tumeona nini?

Nimewahi kukutana na "njia ya mlimani", ambayo inafaa njia yoyote iliyo mlimani, hata ya mbuzi. Nimekutana na "pito", zuri kwa sauti lakini halioneshi umbo. Nimekutana na "kipenyo", nalo tumekwisha kuliazima kwa hisabati. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili kwamba umevuka kipenyo, atakuuliza mzingo wake ni kiasi gani. Na siku hizi, kwa masikitiko, nakutana na "pasi". Pasi ya nguo tunayo. Pasi ya mpira tunayo. Pasi ya kusafiria tunayo. Neno hilo moja limeshonwa kwenye kazi tatu na linatosha kuchoka. Tukilitwisha mlima, litaangukia njiani.

Napendekeza shingo. Sipendekezi kwa kuwa Wafaransa wanalo. Napendekeza kwa sababu Kiswahili kimekwisha kuupa mlima mwili bila kumwomba mtu ruhusa. Tunasema ubavu wa mlima, tunasema mgongo wa mlima, wengine husema bega la mlima, na hakuna anayeshtuka. Walimu wa jiografia wamezoea kuiita ardhi nyembamba iliyobanwa na bahari mbili "shingo ya nchi". Mwili upo, umekosa kiungo kimoja tu. Anayesema kwamba shingo imesimama ilhali mahali pale pamebonyea, amtazame mtu aliyelala kiubavu: kichwa kimeinuka, bega limeinuka, na kati yake pamedidimia. Hapo ndipo barabara inapopita. Kwa malenga aliyebanwa na vina, lugha ina akiba zaidi: sehemu ya nyuma ya shingo ni kosi, na ule wa shati, unaolala juu yake, ni ukosi. "Tuvukapo kosi la mlima" haliniumizi sikio hata kidogo.

Zile kona nazo zina shida yake. Tunasema "kona" tu, na ikizidi tunasema "kona kali". Lakini kona ya mtaani si sawa na ile inayokurudisha ulikotoka huku ikikuinua mita kumi. Waingereza wameona pini ya nywele, Wafaransa wameona kamba ya kiatu iliyopitishwa kwenye matundu. Mimi naona jahazi. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Mabaharia wetu hukipeleka upande huu, wakageuza tanga, wakakipeleka upande ule, na kwa kupindapinda hivyo chombo kinasonga mbele kwa kumhadaa adui wake. Kitenzi cha kazi hiyo katika Kiswahili cha mabaharia ni kubisha. Chombo kinabisha. Na hiyo ndiyo kazi ya barabara ya mlimani, neno kwa neno: mlima ndio upepo, na barabara haiwezi kuukabili uso kwa uso, basi inabisha. Kila kipande kati ya kona na kona ni bisho moja. Hata mwendesha baiskeli mwenyewe, akifika mahali pakali, huanza kubisha ndani ya barabara, akikata upana wa lami kutoka ukingo hadi ukingo ili kuupunguza ukali wa mwinuko. Mtazame mtu mwenye gunia la viazi kwenye keria akipanda; hakusoma popote, lakini anabisha kama nahodha.

Nimekwisha kusikia pingamizi: watu wa bara hawaijui maana hiyo ya kubisha, kwao ni kushindana kwa maneno au kugonga mlango. Sawa. Lakini rubani alikuwa mwongoza vyombo vya baharini, leo anarusha ndege, na abiria wa Dodoma hana habari kama neno limetoka majini. Na baiskeli yenyewe? Kile kinachoshikwa kwa mikono miwili kuielekeza tunakiita usukani, nao usukani ni kile kibao cha nyuma kinachoongoza jahazi. Baiskeli zilipofika kwetu, watu waliitazama mashine hiyo ngeni wakaitafutia neno majini. Hawakuona aibu. Hapa ndipo ninapowajibu wanafunzi wangu wa zamani, ambao baadhi yao sasa ni walimu na huenda wanasoma ukurasa huu: bahari mliyoiazima bila kuiona inaweza kupanda mlima, mradi ije kufanya kazi. Ikija kupamba tu, irudi.

Na ushindani wa maneno nao usidharauliwe. Barabara inayobisha ni barabara inayojibizana na mlima, inayogonga hodi kila baada ya mita mia mbili. Maana tatu kwa gharama ya neno moja. Mshairi anataka nini zaidi?

Yako maneno mengine ambayo hayakutoka baharini wala kwenye kamusi za wataalamu, yametoka kwa watu wa baiskeli wenyewe. La kwanza ni kunyonga. Kunyonga baiskeli ni kuzungusha pedali. Kunyonga ni kuua kwa kamba. Na nyonga ni ule mfupa ambao, baada ya saa mbili za kupanda, hukukumbusha kwamba maana zote hizi zina undugu. La pili ni kukokota: kushuka ukaisukuma baiskeli kwa mkono kama unavyomwongoza mzee kuvuka barabara. Wengi hulitumia kwa kejeli, kana kwamba anayekokota ameshindwa. Wasome historia. Mashindano ya kuizunguka Ufaransa yalipofikishwa kwenye mlima Tourmalet mwaka 1910, na mwaka uliofuata kwenye Galibier wenye mita 2,642, barabara zilikuwa za mawe na matope, na mabingwa walikokota. Mitambo ya kubadilisha gia haikuruhusiwa katika mashindano hayo mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo, mshindani aliyetaka gia nyepesi alisimama chini ya mlima, akalifungua gurudumu la nyuma, akaligeuza ili atumie meno yaliyokuwa upande wa pili, akalifunga, ndipo akapanda. Yeyote aliyewahi kupandisha Phoenix yenye gia moja kutoka Mombo anaelewa kila neno la sentensi hiyo. Anayekokota katika ubeti wangu hatachekwa.

La tatu ni kudandia, na hili linanitia baridi. Katika barabara ya Burundi inayopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama, vijana wanaoshusha ndizi mjini kwa baiskeli wamejulikana kwa kurudi mlimani wakiwa wamedandia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani. Kushuka kwao, na mikungu imefungwa kila upande, ni ujuzi ambao bingwa wa Ulaya angeuheshimu. Hakuna anayewaita wanamichezo. Hakuna, kwa ninavyosoma tungo zetu, anayewaita chochote.

Barabara yao ina malori. Na hilo linanirudisha kwenye ukimya, kwa maana barabara tulivu ya mlimani haiji bure. Huko Uswisi barabara ya kale ya Gotthard inapanda kutoka Airolo kwa kona 24 zilizosakafiwa mawe, sehemu iitwayo Tremola, hadi shingo iliyo mita 2,106. Mwaka 1980 lilifunguliwa handaki la magari la kilometa karibu 17 chini ya mlima ule. Wenye haraka wakaingia handakini. Juu ikabaki barabara ya mawe, ng'ombe wenye kengele, na waendesha baiskeli. Nikisoma mashairi yanayotumwa hapa kila mwezi naona handaki lile. Mshairi anaingia upande mmoja na "mlima wa matatizo", anatokea upande wa pili na "kilele cha mafanikio", na katikati hakuna kilichoonekana ila taa. Barabara ya juu ipo, haina foleni, na karibu hakuna anayeipita.

Haraka yenyewe ina madhara mengine, tena yako mlangoni. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi. Mbio za wanaume zilikuwa za kilometa 267.5, na jumla ya kupanda ilizidi mita 5,000. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Nilikaa karibu na redio na simu nikitafuta matangazo ya Kiswahili, nikayapata machache, na nilichosikia kilinifanya nizime moja na kuhamia jingine. Mtangazaji mmoja, kijana mwenye sauti nzuri sana, aliwaambia wasikilizaji kwamba "wanaingia kwenye klaimbi". Simlaumu. Alikuwa na dakika moja na nusu, watu walikuwa wanatweta mbele yake, na alilihitaji neno pale pale. Alilitafuta kwetu hakulikuta kwenye rafu. Laiti watunzi wetu wangekuwa wamekwisha kuimba mpando, bisho na shingo kwa miaka ishirini, yangemtoka mdomoni kabla hajafikiri. Baraza la lugha linaweza kuchapisha orodha, nami nitaipokea kwa shukrani, lakini sijawahi kuona orodha ikikumbukwa na mtu anayekimbizana na pumzi. Kinachokumbukwa ni kile kilichoimbwa.

Kuna wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya starehe, baiskeli za mamilioni ya shilingi na suruali za kubana. Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Lakini mwalimu wa shule ya msingi anayekwenda kazini kwa baiskeli juu ya Soni haendi kwa starehe, na barabara yake ina mwinuko ule ule. Katika Alpi wameweka vibao kila kilometa vya kumwambia mpandaji amebakiza umbali gani na mbele yake mwinuko ni asilimia ngapi. Asilimia 8, kwa mfano, maana yake unainuka mita 8 katika kila mita 100. Kwetu kibao ni mama anayeuza matunda ukingoni. Ukimwuliza bado kiasi gani, atakuambia "ni hapo tu", nawe ujue kwamba umebakiza saa nzima. Hilo nalo ni la kutungiwa, na ningependa atunge yeye mwenyewe.

Nimebakiza neno moja ambalo sijalipatia jina, na ninalileta kwenu. Ukishavuka shingo, miguu ikatulia, pedali zikasimama na gurudumu likaendelea peke yake, mafundi wa mtaani huita "frii", nami sina la kuwashinda. "Mteremko" ni wa barabara, si wa mwendeshaji. "Kuserereka" kuna hatari ndani yake, kama mtu aliyepoteza breki, ingawa huko chini ya Magamba, lami ikiwa na unyevu na rimu zimepata moto, huenda hatari hiyo ndiyo ukweli wenyewe. Wenye mapendekezo wayalete. Sharti langu ni kwamba neno liwe limejaribiwa mteremkoni, na liingie katika mizani nane.